Rwanda: Serikali inachangia nini katika matibabu, uzee na biashara ndogo?

Julai 1 ni tarehe inayosubiriwa kwa makini na kaya nyingi nchini Rwanda. Ndiyo siku ambayo mwaka mpya wa bima ya afya ya jamii, ijulikanayo kwa Kinyarwanda kama mituweli, huanza. Familia iliyokwisha kulipa mchango wa watu wake wote huingia mwaka huo ikiwa na kinga. Familia ambayo haijakamilisha huweza kufika kituo cha afya na kutakiwa kulipa gharama yote kutoka mfukoni.

Katika jiji la Kigali, jambo hili humgusa hasa mwananchi asiye na mshahara wa mwisho wa mwezi: muuza mboga wa Kimironko, fundi cherehani wa Nyamirambo, mwenye duka dogo la Kicukiro. Mara nyingi mtu huyo huyo ndiye anayelea watoto, anayemtunza mzazi aliyezeeka na anayetafuta mtaji wa kuendesha biashara yake. Kwa sababu hiyo, misaada ya serikali katika afya, uzee na biashara ndogo, ingawa inasimamiwa na taasisi tofauti, hukutana katika nyumba moja.

Makala haya yanaeleza mipango mikuu iliyopo, namna ilivyoanza na jinsi inavyofanya kazi. Kanuni moja hujitokeza karibu katika yote: serikali ya Rwanda huchangia, lakini kwa kawaida humtaka mwananchi naye atangulize mchango wake. Kanuni hiyo imeifikisha bima kwa watu wengi kuliko ilivyo katika nchi nyingi za Afrika. Pia ndiyo inayowaacha baadhi ya watu ukingoni.

Mituweli ilianzaje?

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, huduma za afya zilitolewa kwa muda bila malipo, zikisaidiwa na wafadhili wa kigeni. Mwaka 1996 serikali ilirejesha utaratibu wa wagonjwa kulipia matibabu. Matokeo yalionekana haraka: idadi ya watu waliofika katika vituo vya afya ilipungua, kwa kuwa wengi hawakuwa na fedha taslimu siku walipougua.

Mwaka 1999, majaribio ya mfuko wa kulipia matibabu kabla ya kuugua yalianza katika maeneo matatu: Byumba kaskazini, na Kabgayi na Kabutare kusini. Mafanikio ya majaribio hayo yaliifanya serikali iueneze mfumo huo nchi nzima katika muongo uliofuata. Sheria iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2007 iliufanya kuwa na msingi wa kisheria, na kila mkaazi wa Rwanda akatakiwa kuwa na bima ya afya ya aina moja au nyingine.

Watumishi wa umma wana bima yao, RAMA, iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo mchango wake ni asilimia 15 ya mshahara, ukigawanywa sawa kati ya mwajiri na mwajiriwa. Mituweli imewalenga wengine wote: wakulima, vibarua, wachuuzi na familia zao. Kwa miaka mingi sasa, zaidi ya asilimia 80 ya wale wanaolengwa wamekuwa wakijiunga nayo.

Kiwango hicho hakikufikiwa kwa hiari peke yake. Idadi ya waliojiunga iliingizwa katika imihigo, mikataba ya utendaji ambayo viongozi wa wilaya huiweka na kutakiwa kuitolea hesabu. Kiongozi ambaye wilaya yake imebaki nyuma hulazimika kueleza sababu. Vijijini na mijini, wananchi nao hukusanya michango yao kidogo kidogo kupitia ibimina, vikundi vya kuweka akiba, ili ifikapo Julai fedha ziwe tayari.

Nani hulipa kiasi gani?

Kabla ya mwaka 2011 kila mtu alilipa faranga 1,000 kwa mwaka, awe tajiri au maskini. Mwaka 2011 utaratibu huo ulibadilishwa na viwango vikapangwa kulingana na hali ya maisha: faranga 2,000, 3,000 na 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa walio maskini zaidi, kile kiwango cha chini cha faranga 2,000 hulipwa na serikali na washirika wake.

Mgonjwa naye huongeza fedha kidogo anapotibiwa. Katika viwango vilivyotumika kwa miaka mingi, mwanachama hulipa faranga 200 katika kituo cha afya, na asilimia 10 ya gharama hospitalini. Wale ambao mchango wao unalipwa na serikali husamehewa malipo hayo pia.

Ili kupata huduma hizo, mwanachama hana budi kufuata ngazi. Huanzia kituo cha afya, akapewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa kama Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu cha Kigali, CHUK. Anayeruka ngazi bila dharura huweza kupoteza haki ya kulipiwa na bima.

Kwa muda mrefu mifuko ya mituweli iliendeshwa na wilaya, nayo madeni kwa hospitali yakarundikana. Mwezi Julai 2015 usimamizi wake ulihamishiwa kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, taasisi iliyoundwa mwaka 2010 kwa kuunganisha mfuko wa pensheni na RAMA. Kwa kuwa michango ya wanachama haikutosha, vyanzo vingine viliongezwa. Tangu mwaka 2020, kila mwajiriwa katika sekta rasmi hukatwa asilimia 0.5 ya mshahara anaoupokea mkononi ili kuisaidia mituweli, hata kama yeye mwenyewe ana bima nyingine. Kwa maneno mengine, karani wa benki mjini Kigali humchangia mkulima wa Nyamagabe.

Kutoka Ubudehe hadi Imibereho

Swali lililozua mijadala mingi zaidi si kiwango cha mchango, bali nani anawekwa katika kundi gani. Kwa miaka mingi jibu lilitolewa na Ubudehe.

Jina hilo ni la desturi ya kale ya majirani kulimiana mashamba. Tangu mwaka 2001 serikali iliitumia kama njia ya wanakijiji kuketi pamoja, kutambua hali ya kila kaya na kuamua vipaumbele vyao. Mwaka 2008 mpango huo ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Makundi yalikuwa sita, kisha yakapunguzwa kuwa manne mwaka 2015.

Hata hivyo, kadiri misaada mingi ilivyofungamanishwa na makundi hayo, ndivyo malalamiko yalivyoongezeka. Wapo waliodai wamepandishwa kundi bila kipato chao kubadilika, na wapo waliotamani kubaki chini ili wasipoteze msaada. Serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba makundi ya Ubudehe hayatatumika tena kuamua nani apate huduma za jamii. Nafasi yake imechukuliwa na Imibereho, daftari la kitaifa la kielektroniki linalohifadhi taarifa za kaya, mali zake, kazi na kipato chake.

Kwa mwananchi, maana yake ni kwamba taarifa zilizomo katika daftari hilo ndizo zinazoamua mchango wake na msaada anaostahili. Kaya iliyopata mtoto, iliyofiwa na mtafutaji au iliyopoteza kazi inahitaji taarifa zake zisahihishwe mapema, kwa kupitia viongozi wa kijiji na wa umurenge, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya.

Magonjwa makubwa

Kasoro iliyolalamikiwa kwa muda mrefu ni kwamba mituweli ilimlinda mtu dhidi ya homa, lakini ikamwacha alipopata ugonjwa wa gharama kubwa. Januari 2025, baraza la mawaziri liliidhinisha viwango vipya vya malipo ya huduma za afya pamoja na nyongeza ya huduma zinazolipiwa na bima hiyo. Miongoni mwazo ni matibabu ya saratani, upandikizaji wa figo, upasuaji wa kubadilisha nyonga na goti, na viungo bandia.

Mabadiliko hayo yamekuja wakati ambapo uwezo wa kutibu magonjwa hayo ndani ya nchi umeongezeka. Kituo cha saratani cha Butaro, wilayani Burera, kilifunguliwa mwaka 2012, na Hospitali ya King Faisal mjini Kigali ilianza kupandikiza figo mwaka 2023. Kabla ya hapo, mgonjwa wa figo aliyehitaji upandikizaji alitegemea safari ya nje, hasa India, jambo ambalo familia nyingi hazikulimudu.

Bado asilimia 10 ya gharama ya hospitali inaweza kuwa mzigo. Matibabu ya faranga 400,000 humwachia mgonjwa faranga 40,000 za kulipa, mbali na nauli, chakula cha anayemuuguza na siku ambazo biashara imefungwa. Dawa nayo ikikosekana katika kituo cha umma, mgonjwa hulazimika kuinunua katika duka la dawa kwa fedha zake.

Mafao ya uzazi

Kwa familia zenye ajira rasmi, sheria ya mwaka 2016 iliunda mfuko wa mafao ya uzazi. Mwajiri huchangia asilimia 0.3 ya mshahara na mwajiriwa asilimia 0.3, awe mwanamke au mwanamume. Lengo lilikuwa kuondoa hali ya awali, ambapo mama aliweza kupokea mshahara kamili kwa sehemu tu ya likizo yake, na waajiri wakaona kuajiri wanawake ni hasara. Likizo hiyo, iliyokuwa wiki 12, iliongezwa mwaka 2023 na kuwa wiki 14.

Mama anayejiajiri sokoni hayumo katika mfuko huo. Kwake yeye, kinga iliyopo ni mituweli, inayolipia matibabu ya kujifungua lakini hailipi kipato anachokikosa akiwa nyumbani.

Wazee: pensheni kwa wachache

Rwanda imekuwa na mfuko wa pensheni tangu mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Kwa zaidi ya miongo sita mchango ulibaki chini, na hadi mwisho wa mwaka 2024 ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri. Kuanzia Januari 2025 umepandishwa hadi asilimia 12, na umepangwa kuongezeka kwa asilimia 2 kila mwaka kuanzia 2027 hadi kufikia asilimia 20 mwaka 2030.

Wakati huo huo, pensheni ya chini kabisa ilipandishwa kutoka faranga 13,000 kwa mwezi hadi 33,710. Kwa wastaafu waliolipwa kwa kufuata mishahara ya miaka ya zamani, nyongeza hiyo ilikuwa imengojewa kwa muda mrefu, kwani bei za chakula na kodi za nyumba mjini Kigali hazikuwasubiri.

Lakini pensheni humfikia aliyeajiriwa rasmi na kuchangia kwa angalau miaka 15. Mzee aliyelima au kuchuuza maisha yake yote hana pensheni hiyo. Hapa Rwanda inatofautiana na baadhi ya majirani zake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkaazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa umri huo. Uganda huwalipa wazee wa miaka 80 na kuendelea shilingi 25,000 kwa mwezi. Rwanda haitazami umri peke yake. Hutazama umaskini na uwezo wa kufanya kazi.

Msaada huo hupitia mpango wa VUP, ulioanza mwaka 2008 katika imirenge 30, mmoja kwa kila wilaya, na baadaye kuenea nchini. Kaya isiyo na mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi, kwa sababu ya uzee au ulemavu, hupewa ruzuku ya fedha inayopangwa kwa kuzingatia idadi ya watu waliomo. Kaya maskini yenye mtu anayeweza kufanya kazi hupewa ajira katika miradi ya umma kama barabara na matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kwa walezi wasioweza kazi nzito zipo kazi nyepesi zilizo karibu na nyumbani, zikiwemo za kulea watoto.

Lipo pia kundi la wazee wenye historia ya pekee: Intwaza, manusura wa mauaji ya kimbari waliopoteza watoto wao wote. Makaazi yao, yaitwayo Impinganzima, yamejengwa katika maeneo kadhaa, yakiwemo Huye na Bugesera, kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Unity Club. Huko hupata matibabu, chakula na wenzao wa kuishi nao.

Ejo Heza: akiba ya asiye na mwajiri

Ili kuwafikia wasio na ajira rasmi, serikali ilizindua mwishoni mwa mwaka 2018 mpango wa Ejo Heza, jina lenye maana ya kesho njema. Ni akiba ya hiari ya muda mrefu. Mtu hujiandikisha kwa simu ya mkononi kwa kubonyeza *506#, kisha huweka kiasi anachoweza, hata kidogo, siku anazopata. Akifikisha umri wa miaka 55 huanza kulipwa kutoka katika akiba yake.

Kivutio chake kikubwa ni nyongeza ya serikali. Katika utaratibu uliotumika wakati wa kuanzishwa kwake, kaya za ngazi mbili za chini zilizoweka angalau faranga 15,000 kwa mwaka ziliongezewa kiasi kile kile zilichoweka, mradi kisizidi 18,000. Kaya za ngazi ya tatu ziliongezewa nusu. Nyongeza hiyo ilitolewa kwa miaka 3. Aidha, waliotimiza viwango waliwekewa bima: familia ya mwanachama aliyefariki hupewa faranga milioni 1 pamoja na faranga 250,000 za mazishi.

Tatizo la akiba ya hiari ni lile lile la mituweli. Aliye na kipato cha leo na kesho asiwe nacho, huanza vizuri kisha akakatisha. Kijana wa miaka 25 ana miaka 30 ya kujaza kibaba chake. Mama wa miaka 52 aliyejiunga mwaka uliopita ana miaka mitatu.

Wafanyabiashara wadogo: dhamana, riba na kodi

Kikwazo cha kwanza cha mfanyabiashara mdogo wa Kigali anapoomba mkopo ni dhamana. Benki hutaka hati ya ardhi au nyumba, naye amepanga. Mwaka 2011 ulianzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Biashara, BDF, ambao humsimamia mkopaji kwa kudhamini sehemu ya mkopo wake. Kwa wanawake na vijana dhamana hiyo hufikia asilimia 75 ya ile inayotakiwa na benki. Kwa wengine asilimia 50. Mkopaji hubaki na deni lake. Kinachopungua ni mali anayotakiwa kuiweka rehani.

Kwa mitaji midogo zaidi kuna Umurenge SACCO, ushirika wa akiba na mikopo ulioanzishwa katika kila mmoja wa imirenge 416 ya nchi. Kupitia SACCO hizo, mpango wa VUP hutoa pia mikopo midogo kwa kaya maskini kwa riba ya asilimia 2, ambayo ni ndogo sana ikilinganishwa na riba za soko.

Msaada mwingine hauonekani kama msaada, nao ni nafuu ya kodi. Biashara ndogo mpya husamehewa ipatante, kodi ya leseni ya biashara, kwa miaka miwili ya kwanza. Biashara yenye mauzo yasiyofika faranga milioni 2 kwa mwaka hailipi kodi ya mapato. Kuanzia hapo hadi milioni 12 hulipwa kiasi maalumu, na kati ya milioni 12 na 20 hulipwa asilimia 3 ya mauzo.

Wakati wa janga la Uviko-19, Juni 2020, serikali ilianzisha mfuko wa kufufua uchumi wenye faranga bilioni 100. Nusu yake ilitengewa hoteli, ambazo zilikuwa na mikopo mikubwa ya benki. Biashara ndogo nazo zilitengewa sehemu, kwa udhamini wa BDF, lakini aliyetaka kunufaika alipaswa kuwa na kumbukumbu za hesabu na biashara iliyosajiliwa.

Sharti hilo ndilo linalowatenga wachuuzi wa barabarani, waitwao abazunguzayi. Uchuuzi huo umepigwa marufuku mjini Kigali, na kanuni za jiji humtoza faini anayeuza na pia anayenunua. Kwa upande mwingine, jiji limejenga masoko madogo na kuwapa wachuuzi nafasi bila kodi katika kipindi cha mwanzo. Baadhi wamebaki humo na kukua. Wengine wamerudi barabarani, wakisema wateja hupita njiani, hawaingii sokoni, na kwamba muda wa msamaha ukiisha gharama huwashinda.

Mzigo katika nyumba moja

Chukua mfano wa kaya ya watu sita: mama muuza mboga, baba kibarua wa ujenzi, watoto watatu na bibi yao. Kwa kiwango cha faranga 3,000, mchango wao wa mituweli ni faranga 18,000 kwa mwaka. Akitaka kunufaika na nyongeza ya Ejo Heza kwa kiwango cha ngazi ya chini, mama huyo anahitaji faranga nyingine 15,000. Kama ana mkopo wa SACCO, marejesho yake hayasubiri msimu wa mvua upite.

Kila mchango ukitazamwa peke yake ni mdogo, na faida yake ni kubwa kuliko gharama. Ugumu ni kwamba yote hutoka katika mfuko mmoja wa kila siku, na mituweli huhesabu kaya nzima. Wanne wakilipiwa na wawili wakabaki, kaya haijakamilisha. Wataalamu wa hifadhi ya jamii hulieleza kundi hili kama watu wa katikati: si maskini kiasi cha kulipiwa na serikali, wala hawana mshahara wa kukatwa bila wao kuhisi.

Mambo ya kuzingatia

Kwa anayeishi Rwanda na kutaka kunufaika na mipango hii, hatua chache husaidia:

- Hakikisha taarifa za kaya katika daftari la Imibereho ni sahihi, hasa idadi ya watu, na zirekebishwe panapotokea mabadiliko.
- Lipa mituweli kabla ya Julai 1. Malipo hupokelewa pia kwa simu na kupitia jukwaa la serikali la Irembo.
- Anzia kituo cha afya na uombe rufaa kwa maandishi kabla ya kwenda hospitali kubwa.
- Hifadhi kumbukumbu za mauzo hata kama biashara ni ndogo. Benki na BDF huziangalia kabla ya jambo lingine lolote.
- Uliza SACCO ya umurenge wako kuhusu mikopo yenye riba nafuu kabla ya kukopa kwa watu binafsi.

Katika robo karne, Rwanda imetoka katika hali ambapo mgonjwa alikaa nyumbani kwa kukosa fedha, na kufikia hali ambapo wananchi wengi wana bima. Hatua ya sasa ni ngumu zaidi, kwani saratani, figo na uzee ni gharama za miaka, si za siku moja. Iwapo mifuko hii itaweza kuzibeba kutategemea serikali kuendelea kuweka fedha zake, na pia uwezo wa muuza mboga wa Kimironko kutoa mchango wake kila Julai, hata katika mwaka ambao biashara haikumwendea vizuri.